Magitaa manne ya nyuzi 12 na miksi iliyogeuka uji: kurekodi albamu ya peke yako baada ya bendi ya panki

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepiga gitaa miaka sita kwenye bendi ya panki hapa Dar es Salaam, sasa kila mtu ameshika njia yake. Nataka kutoa albamu yangu mwenyewe, roki isiyopiga kelele mwanzo mwisho. Kipimo changu ni Workbook, albamu ya Bob Mould, aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi ya panki ya Hüsker Dü. Nina gitaa kavu la nyuzi 12, gitaa la umeme, gitaa la besi, kompyuta, kadi ya sauti ya njia mbili, maiki moja ya kondensa na nyingine ya kawaida ya jukwaani. Wimbo wa kwanza nimeurekodi chumbani: nyuzi 12 nimezirudia mara nne ili zijae, nikaweka besi na chelo ya kompyuta. Matokeo yake ni uji. Kosa ni la maiki, la chumba, au ni langu? Msomaji, Kinondoni.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kosa la kwanza liko kwenye mpangilio wa vyombo, la pili chumbani, na maiki zinakuja mwisho kabisa. Usinunue kitu chochote kwanza. Futa magitaa matatu kati ya hayo manne, usikilize tena, utaona nusu ya uji umeondoka kabla hujagusa ikwalaiza (kifaa cha kuongeza na kupunguza sauti nene au nyembamba).

Kwa nini? Umeingia kwenye kazi hii na mkono wa panki (wa gitaa, si wa sangara). Kwenye bendi ya watu watatu gitaa ni moja tu, na hilo moja linabeba kordi, melodia na kelele ya kufunika mapengo yote. Mould mwenyewe alianzia huko. Hüsker Dü ilianza mwaka 1979 huko Saint Paul, Minnesota: yeye kwenye gitaa, Grant Hart kwenye dramu, Greg Norton kwenye besi, na nyimbo wakitunga Mould na Hart. Rekodi yao ya jukwaani, Land Speed Record ya 1982, ina nyimbo 17 ndani ya muda usiofika dakika 27. Gitaa lake lilikuwa Ibanez la umbo la V, linapitishwa kwenye pedali ya MXR Distortion+, na sauti yake ni ukuta usioachia hata tundu la sindano. Ukuta ule ulifaa kwa sababu nyuma yake palikuwa na besi na dramu tu. Wewe umejenga ukuta huo huo kwa gitaa kavu, umeujenga mara nne, kisha ukataka chelo ipite. Ipitie wapi?

Bendi ilipovunjika Januari 1988, Mould alikuwa shambani karibu na Pine City, kaskazini mwa Saint Paul, akiandika nyimbo mpya. Alirekodi Paisley Park, studio ya Prince iliyoko Chanhassen, akiwa prodyuza wake mwenyewe, na Workbook ikatoka 1989 chini ya kampuni ya Virgin. Ukitaka kujua siri ya albamu ile, soma orodha ya wapigaji. Kwenye besi yuko Tony Maimone wa Pere Ubu, kwenye dramu Anton Fier wa Golden Palominos, kwenye chelo Jane Scarpantoni. Hawa ni watu waliozoea kuacha nafasi, na yeye aliyezoea kujaza kila kitu akawaachia. Vaa hedifoni usikilize “Sunspots”, kile kipande cha gitaa kisicho na maneno kinachofungua albamu, kisha “Wishing Well” inayofuata. Chukua karatasi, na kila baada ya sekunde 10 andika ni vyombo vingapi vinapiga sauti za katikati kwa wakati mmoja, yaani pale sauti ya mwanaume inapokaa. Fanya hivyo kwa wimbo wako pia. Karatasi hizo mbili zikilazwa pamoja zitakueleza kuliko mimi.

Sasa tuingie kazini, tuanze na gitaa lenyewe.

Gitaa la nyuzi 12 lina jozi sita. Jozi mbili za juu, E nyembamba na B, zina nyuzi zinazofanana. Nne za chini zina uzi mnene na mwembamba wake ulio oktava moja juu. Ule mng’ao unaoupenda unatokana na tofauti ndogo sana kati ya nyuzi mbili za jozi moja. Ukilirudia gitaa hilo mara nne, tofauti zinakuwa nyingi hadi zinafunikana, na mng’ao unageuka ukungu. Nyuzi 48! Kinubi cha okestra chenyewe kina nyuzi 47. Rekodi nyuzi 12 mara moja. Ukilazimika, mara mbili, moja kushoto na nyingine kulia, na ile ya pili iwepo kwenye kiitikio peke yake.

Seti nyepesi, ya 0.010 hadi 0.047, ikityuniwa kawaida inavuta daraja kwa nguvu ya takribani kilo 110, wakati seti nyepesi ya gitaa la nyuzi 6 ni kilo 70 na kitu. Hapa pwani kuna na unyevu juu yake: mbao zinavimba, tumbo la gitaa linainuka, nyuzi zinakuwa juu ya freti, na kordi za juu zinatoka kombo hata tyuna ikisema sawa. Kwa hiyo litulize. Shusha nyuzi zote toni moja nzima, D G C F A D, kisha funga kapo (kibanio cha shingoni kinachobana nyuzi zote) freti ya 2. Unarudi kwenye sauti ya kawaida, mkono unapumua, na daraja halinyanyuki. Likiwa halitumiki liweke ndani ya kasha lililofungwa na vipakiti vya silika, na usilitundike ukutani kama pambo.

Badilisha nyuzi siku moja kabla ya kurekodi, usifanye asubuhi ya siku yenyewe, maana nyuzi mpya hutambaa. Kutyuni kuna utaratibu wake: funga kapo kwanza, kwa sababu kapo huvuta nyuzi nene na nyembamba kwa viwango tofauti. Ziba nyuzi za oktava kwa ncha ya kidole, tyuni zile nene sita. Kisha achia moja moja, ulinganishe nyembamba na mnene wake kwa sikio mpaka ule mtikisiko wa wa-wa-wa upoe karibu kuisha. Kila mara panda kutoka chini. Ukipita juu, legeza upande upya. Utakaokatika kwanza ni uzi wa oktava wa G, kwa sababu ndio mwembamba kuliko wote na bado uko juu kuliko wote. Nunua minne ya akiba. Maduka mengi hayauzi mmoja mmoja, ila uzi mtupu wa chuma wa 0.008 au 0.009 wa gitaa la umeme unafanya kazi ile ile.

Kuhusu chumba. Zima feni, zima kiyoyozi, toa friji kwenye soketi, na weka ufunguo wa gari au simu juu ya friji hiyo ili usisahau kuirudisha. Watu wengi hutundika kanga na mapazia wakidhani wameua mwangwi. Kanga inakula sauti nyembamba tu. Sauti za kati za chini, zile zinazoleta uji, zinapita kama haipo. Kinachosaidia ni unene: godoro limesimamishwa nyuma ya mpigaji, jingine pembeni, yote yakiwa yameachia nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Usikae katikati kamili ya chumba wala pembeni kabisa kwenye kona. Kaa kwenye theluthi ya urefu wa chumba, uso ukiangalia upande mrefu.

Maiki ya kondensa iweke sentimita 25 kutoka freti ya 12, ikitazama pale shingo inapoungana na mwili. Usiielekeze kwenye tundu. Tundu linapumua karibu na 100 Hz na litakupa “buu” kwa kila kordi, ambayo hakuna ikwalaiza itakayoiondoa bila kuondoa gitaa pamoja nayo. Na usisogee karibu chini ya sentimita 15, kwa sababu maiki ya aina hii huongeza besi yenyewe kadiri chombo kinavyoikaribia. Ikisikika nzito, sogeza maiki kuelekea kichwa cha gitaa kidole kwa kidole. Ikisikika kavu kama sanduku la kiberiti, irudishe. Robo saa ya kusogeza maiki inaokoa siku mbili za kumiksi. Piki iwe laini, 0.6 mm hivi. Mkono wa panki na piki ya 1 mm kwenye nyuzi 12 unarekodi plastiki kuliko chuma.

Kiwango cha kurekodi: 24-biti, 48 kHz, vilele visivuke desibeli −10. Bafa (sampuli ambazo kompyuta inazikusanya kabla ya kutoa sauti) iwe 128 unaporekodi, uipandishe hadi 1024 unapomiksi. Ukisikia gitaa linachelewa kwenye hedifoni, tumia kitufe cha kadi kinachorudisha sauti moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta.

Baada ya hapo ongeza gitaa la pili, lakini lisipige kitu kile kile. Hapa kapo ndiyo fundi. Tuchukue wimbo wako uko kwenye D, na kordi zake ni D, G, A na Bm. Nyuzi 12 zinapiga kordi hizo chini shingoni. Gitaa la umeme, sauti safi bila mkwaruzo, lifungwe kapo freti ya 7 na lipige maumbo ya G, C, D na Em. Kordi ni zile zile, ila zinakaa juu, zinakutana na nyuzi 12 kwa mbali tu. Ukiona freti ya 7 inakubana, funga ya 5 na upige maumbo ya A, D, E na F♯m. Na lisicharaze mwanzo mwisho. Lidonoe noti mbili tatu za kordi, linyamaze mstari mzima, lirudi. Kunyamaza mstari mzima ndilo zoezi gumu kuliko yote kwa mtu wa panki. Hesabu moja hadi nane kwa sauti kama mkono unawasha.

Dramu usirekodi chumbani kwa kadi ya njia mbili. Kodisha studio yenye chumba cha dramu kwa siku moja, ukiwa umejiandaa ili siku hiyo iishe kwa kazi. Nyumbani rekodi gitaa elekezi na sauti elekezi juu ya metronomu, na mwanzoni uache midundo 8 mitupu. Kila faili lianze sekunde sifuri hata kama chombo kinaingia dakika ya pili. Peleka WAV. Ukipeleka MP3, faili linaongezewa kijipande kidogo cha ukimya mwanzoni, na dramu zikirudi nyumbani kila kitu kinakuwa nyuma kidogo; hutajua ni nini, utasema mpiga dramu alikuwa na usingizi. Studio ikiwa na maiki nne tu zinatosha: moja kwenye ngoma ya mguu, moja kwenye sneya, mbili juu. Hizo mbili za juu zipimwe kwa kamba, kila moja umbali ule ule kutoka katikati ya sneya, tuseme mita moja. Zikitofautiana, sneya inafika masikioni mara mbili na kupoteza kifua. Kisha geuza miksi kuwa mono, kushoto na kulia viwe kitu kimoja. Sneya ikikonda, rudi kwenye kamba.

Sasa chelo, na hapa una bahati ambayo mpiga gitaa wa miji mingi hana. Achana na ile ya kompyuta. Ng’ambo ya bahari, Unguja, chelo ni chombo cha nyumbani: okestra za taarabu asilia zina fidla, kanuni, udi, nai, akodiani, chelo na lile besi kubwa la kusimama. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, na chuo cha muziki cha DCMA kimekuwa kikifundisha vyombo hivi visiwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mpiga chelo wa taarabu ana sikio, ana upinde mtamu, ana uvumilivu wa wimbo mrefu. Lakini mweleze mapema unachotaka, maana kazi yake ya kila siku ni tofauti na yako. Kwenye taarabu nyuzi zote hufuata melodia moja, kila mtu na urembo wake, sauti zinateleza kutoka noti hadi noti. Ukimwekea wimbo ukamwambia “jaza hapo”, atafuata sauti yako ya kuimba, na mtakuwa wawili kwenye kiti kimoja. Mpe kazi tatu zilizoandikwa: wapi ashike noti ndefu moja juu ya kordi mbili, wapi ajibu mstari wako baada ya kumaliza kuimba, na wapi anyamaze. Akitaka kuteleza, mwachie mahali pamoja pa wazi. Pale ndipo wimbo wako utakuwa na anwani ya pwani bila kulazimisha.

Nyuzi za chelo wazi ni C ya 65 Hz, G ya 98, D ya 147 na A ya 220. Besi yako ya umeme inaanzia E ya 41 na uzi wake wa juu, G, ni 98 ile ile. Kwa hiyo chelo ikishuka kwenye nyuzi zake mbili nene wakati besi inapiga, wanagombana, na hilo ni chimbuko jingine la uji wako. Mwombe akae kwenye D na A, isipokuwa kwenye ubeti ambao besi imenyamaza. Hapo mwache ashuke hadi C, na chumba kizima kitatikisika. Chelo haina freti, kwa hiyo kabla ya kila teki mchezee noti ya msingi ya wimbo kwa sekunde 20 aizoee, na nyuzi 12 ziwe zimetyuniwa kwa A ya 440 kabla hajafika. Maiki ya kondensa iwe sentimita 60 mbele yake, kimo cha daraja, ikielekea kidogo upande wa ubao wa vidole. Ukiisogeza karibu na daraja utarekodi mkwaruzo wa upinde. Na mlipe siku hiyo hiyo, umwandike jina lake kwenye jalada.

Sauti yako ya kuimba: kwa nyimbo za chini tumia kondensa, sentimita 15 hadi 20, na soksi ndefu ya kike iliyokazwa kwenye waya katikati ili P na B zisipige. Kwa nyimbo za kupaza rudi kwenye maiki yako ya jukwaani, mdomo karibu. Kondensa ya bei nafuu ikipigiwa ukelele inatoa ukali wa bati. Usiuue ukelele. Wanaosema Workbook ni albamu ya upole wameishia katikati. Inafungwa na “Whichever Way the Wind Blows”, ambayo ni kelele tupu, na inauma kwa sababu nyimbo kumi zilizotangulia zimekuandaa.

Kumiksi kutakuwa kwepesi ukifika hapa. Nyuzi 12 zikate chini ya 120 Hz pale besi inapopiga. Zikiwa peke yake kata chini ya 80 tu. Toa desibeli 2 au 3 karibu na 250 Hz kwenye nyuzi 12 na chelo, ila usitoe mahali pale pale: moja toa 220, nyingine 300. Gitaa lenye mkwaruzo likiingia kwenye kiitikio, kata nyuzi 12 chini ya 400 Hz, zibaki kama njuga juu yake. Zikiwa peke yake zitasikika mbovu. Usizisikilize peke yake.

Halafu sikiliza kwa spika moja ya simu. Kama chelo imepotea, ipandishe oktava kabla ya kuipandisha sauti.

Mwisho, fikiria jukwaa kabla hujafunga mpangilio. Kwenye ziara ya 1989 Mould alimwongeza Chris Stamey kwenye gitaa la pili. Onyesho lao la Chicago limo kwenye toleo la miaka 25 lililotoka 2014, na ukilisikiliza utajua nyimbo zile zinasimama vipi kwa magitaa mawili, besi na dramu. Wewe ukikosa nauli ya kumvusha mpiga chelo kutoka Unguja, mpe mistari yake mpiga gitaa wa umeme: apige noti kitufe cha sauti kikiwa sifuri, kisha akifungue taratibu kwa kidole kidogo, na mwangwi wa sekunde mbili hivi. Ajifunze hilo sasa, kwa funguo ulizorekodi nazo, kwa sababu itabidi kidole kidogo kizungushe kitufe huku piki ikiwa bado mkononi.